Kizingiti cha Mama Cherehani

Watu husema mvua ni baraka. Sawa, sikatai. Lakini ukimchunguza anayesema hivyo, utakuta nyumba yake iko juu, na baraka ikimfikia inapita tu kuja kwangu. Mtaa wetu umeinama, na nyumba yangu ndiyo ya mwisho kule chini, kando ya mtaro, mahali ambapo kila kitu kilichoachwa ovyo huko juu huja kulala. Masika fulani nilipata ndala tatu, zote za mguu wa kushoto, sufuria isiyo na mfuniko, na jogoo mzima mzima, hai, amekasirika. Mwenye jogoo alikuja kumchukua. Hata asante hakusema.

Mimi ni fundi cherehani. Mtaa mzima unaniita Mama Cherehani, na wanaolijua jina langu la kweli nadhani wamebaki wachache. Cherehani yenyewe inakaa sebuleni, miguu yake juu ya matofali, kwa sababu masika yakianza sebule yangu inakuwa bwawa. Kwanza mvua inapiga bati mpaka mtu mliyekaa naye meza moja unamwomba chumvi kwa kupiga kelele. Halafu mtaro unajaa. Halafu maji yanapanda uwanjani, yanafika mlangoni, yanasita kidogo kama mgeni anayepiga hodi, kisha yanaingia bila kukaribishwa. Kizingiti changu kiko chini mno. Mume wangu alikimwaga mwenyewe, Mungu amrehemu, na ujenzi haukuwa kazi yake.

Dawa yake kila mtu anaijua. Inua kizingiti. Safu mbili za matofali, saruji juu, kazi ya siku moja. Nimeambiwa na wateja, nimeambiwa na wapita njia, nimeambiwa hata na mtu aliyekuja kuuza mafagio. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," wananiambia, kana kwamba wameitunga wao asubuhi hiyo. Nami nawajibu vibaya, maana mdomo wangu sikuuazima kwa mtu. Wakaishia kusema Mama Cherehani ni mbishi, anapenda kuteseka, kichwa chake kigumu kuliko hicho kizingiti.

Sababu ni hii, na bora niiseme mapema ili na wewe usinione mwehu. Kwenye kile kizingiti kulikuwa na unyayo wa mwanangu.

Kifungua mimba wangu. Tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu ulimi wake ulipofunguka hakunyamaza tena. Aliongea na kuku, aliongea na kijiko, aliongea usingizini. Siku baba yake alipomwaga saruji pale mlangoni, mimi nilikuwa ndani nimemshika kiuno asitoke. Nikamwachia kidogo tu nikaepue sufuria. Akachomoka. Kuku alikuwa anapita nje na yeye alikuwa na neno la kumwambia. Mguu mmoja, wa kulia, pwaa, katikati ya saruji mbichi, mwingine ukatua uwanjani, na huyoo. Baba yake akainua mwiko asawazishe. Nikamshika mkono. "Wacha," nikamwambia, "akikua aje aone alivyokuwa." Akacheka, akasema haya basi, nyumba imepigwa muhuri na mwenyewe. Dole gumba lilizama kuliko vidole vingine, kwa sababu alikuwa anakimbia.

Hakukua. Alikuwa hajaanza hata shule. Ilikuwa masika kama haya, homa ikampanda tangu asubuhi, barabara imemezwa na maji, hakuna gari linalopita. Baba yake akambeba mgongoni, akamfunika turubai, akaenda naye kwa miguu. Alinisimulia baadaye, mara moja tu, hakurudia: njiani mtoto alikuwa anaongea. Alikuwa anauliza vyura wanalala wapi. Akauliza, akauliza, halafu akaacha kuuliza.

Picha hatukuwahi kumpiga. Tulikuwa tunangoja apate viatu ili apendeze. Nguo zake mama mkwe alizikusanya akazigawa, kwa nia njema kabisa, akisema vitu vya marehemu vikikaa mbele ya macho machozi hayakauki. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikuwa nimelala, naangalia ukuta. Nilipoinuka, katika dunia nzima kilichobaki cha mwanangu kilikuwa kile kishimo mlangoni. Watu wakaniambia, "Usilie sana, utapata mwingine." Nikapata mwingine kweli, binti, nampenda kama mboni ya jicho langu. Lakini jamani, mtoto si sahani, kwamba ikivunjika unanunua nyingine.

Utaniuliza, kwa nini sikusema? Nilisema. Mara moja. Nilimwambia jirani mmoja wa zamani, ameshahama siku nyingi, nikidhani ni shoga yangu. Kesho yake nikaenda bombani, wanawake wote wakanyamaza nilipofika, halafu mmoja akaniuliza kwa ile sauti ya huruma ya uongo, eti ni kweli ninaongea na sakafu? Niliweka ndoo chini nikawapa maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najisikia vizuri. Lakini tangu siku ile nikafunga mdomo juu ya jambo hilo. Nikatandika kipande cha gunia juu ya kizingiti, watu wakawa wanapangusia miguu, tukabaki mimi na mume wangu tunaojua. Mimi nilizoea kupita pembeni, karibu na bawaba. Yeye alikuwa anaruka. Mtu mzima na kitambi chake, anaruka mlango wake mwenyewe kama sungura, mpaka watu wakadhani ana mkosi anaoukwepa. Alipokufa nikabaki na siri yangu peke yangu.

Hata binti yangu sikumwambia. Anajua alikuwa na kaka, hilo anajua. Lakini mtoto anayezaliwa baada ya mwingine kufa anahisi mapema sana kwamba ameletwa kuziba pengo. Sikutaka kila akiingia na kutoka amruke kaka yake.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelijua, hata mume wangu. Mimi masika nilikuwa nayapenda. Nilikuwa nalalamika kama wenzangu, nalaani mtaro, nawalaani wanaotupa chupa mtaroni. Lakini mvua ikishakatika nafunga mlango nusu, naondoa lile gunia, nachuchumaa na beseni na tambara. Nachota maji, nakausha, nakamua, nakausha tena. Mwisho yanabaki maji kidogo tu ndani ya ule unyayo. Kisigino chake, na mbele yake vidole, kila kimoja na tone lake. Hayo sikuyapitishia tambara. Niliyatoa kwa kidole, moja moja, kuanzia kidole cha mwisho mpaka dole gumba, kama mtu anayemwosha mtoto miguu kabla hajapanda kitandani. Miaka na miguu ya watu ilikuwa imelila lile umbo, mtu mwingine angeona ni saruji iliyobomoka tu. Kidole changu kilikuwa kinaijua njia.

Basi mwaka huu binti yangu akapata mimba yake ya kwanza. Mumewe ni dereva wa malori ya mbali, leo yuko huku kesho yuko kule, wakakubaliana aje ajifungulie kwangu. Akaja na begi lake na tumbo lake, na siku hiyo hiyo mvua ikaingia sebuleni kumsalimia. Akaketi kitandani, miguu juu, ananiangalia ninavyochota.

"Mama, safari hii lazima tuinue kizingiti. Mtoto hawezi kutambaa bwawani."

"Kwani atazaliwa anatambaa?"

"Mama!"

"Wewe umekulia humu humu. Ulikufa?"

"Sikufa, lakini nilikohoa mpaka mwalimu akawa ananiita Honi."

"Kizingiti kikiinuka nitajikwaa. Magoti yangu unayajua."

"Unachuchumaa kutwa nzima unachota maji, magoti hayaumi. Kuinua mguu mara moja ndiyo yataumia?"

Ana akili huyu mtoto, sijui kamrithi nani. Nikamwambia anyamaze, nyumba ni yangu, nikifa ataijenga ghorofa akitaka. Nikasikia anavuta kamasi kimya kimya, moyo ukaniuma, lakini sikusema kitu. Nilikuwa nimezoea kutosema.

Majirani nao hawakuniacha. Ng'ambo ya mtaro anakaa Mama Mapacha, mwanamke anayelea mapacha wakorofi kuliko nyani na bado anapata muda wa kufuatilia mambo ya watu. "Shoga," alikuwa ananiita kutoka barazani kwake, "sema tu kama unafuga kambale humo ndani, tuje tununue!" Na juu kidogo anakaa Fundi Timazi, mwashi. Wanamwita hivyo kwa sababu kuta zake zimenyooka kama kamba ya timazi, ijapokuwa mwenyewe akitembea anaenda upande. Mkewe alipougua muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa namfulia na kumgeuza kitandani, na tangu mkewe apone, yule bwana ananitafutia fadhila ya kunirudishia kwa tochi. "Mama Cherehani, nipe siku moja tu. Akutendaye mtendee. Na kile kizingiti kinaniaibisha, watu wanajua ninaishi mtaa huu!" Nikamwambia kama anaona aibu ahame. Akacheka. Wote wakawa wananicheka, kwa mapenzi, najua.

Ndipo dada yangu mkubwa akateleza bafuni akavunjika nyonga. Hana mtu. Ilibidi niende, mbali, mpaka apate wa kumsaidia. Nikamwachia binti ufunguo, nikamwonyesha mafuta ya taa yako wapi, kitambaa cha mteja gani kiko wapi. Nikiwa nimeshatoka mlangoni nikarudi.

"Na lile gunia la mlangoni, usiliondoe."

"Lipi, hili linalonuka?"

"Hilo hilo."

"Haya mama. Nenda, gari litakuacha."

Kule kwa dada mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Kila jioni nilikuwa nampigia simu binti. Anaendeleaje, mtoto anacheza, miguu imevimba? Jioni ya mwisho nikamwambia kesho narudi, nikamuuliza, na maji je? Akasema, "Hamna maji, mama. Kukavu kabisa."

"Kukavu? Na mvua hii?"

Akacheka. "Utaona ukirudi."

Nikadhani wamezibua mtaro. Nikafurahi hata, nikamwambia dada, angalau mwaka huu wamekumbuka kuzibua mtaro. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namkanda dada yangu mguu, natabasamu.

Nilirudi mchana, manyunyu yanadondoka. Nikashuka mtaa kwa kurukia vipande vya mbao na matofali tuliyopanga kukwepa tope, mkoba kichwani. Kwa mbali nikaona watu wamejaa mlangoni kwangu, na miavuli. Watu wakijaa mlangoni kwako bila wewe kuwaita, si heri. Nikatupa mkoba nikakimbia, magoti na yote. Halafu nikamwona binti yangu katikati yao, kasimama, tumbo lake mbele, anacheka. Nikasema alhamdulillahi, Mungu wangu, asante, yuko salama. Wakati nashukuru hivyo Mama Mapacha akapiga kigelegele, watu wakasogea pembeni, nikakiona.

Kilikuwa kirefu, cha kijivu, kingo zake zimekatwa sawasawa kama kitambaa kilichopimwa kwa rula. Juu yake hakuna gunia. Walikuwa wamezungushia viti vilivyopinduliwa miguu juu na tawi la miiba, mtu asipite.

Wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Huyu alitoa mchanga, yule alitoa matofali yaliyobaki alipojenga choo, vijana walibeba kokoto mvuani wakaimba. Yule mzee fundi redio, ambaye hatujasalimiana naye tangu aiharibu redio yangu, walisema alisimama na mwavuli juu ya saruji asubuhi nzima isinyeshewe, yeye mwenyewe analowa. Alikuwepo pale, kajificha nyuma ya wenzake, anaangalia chini. Mama Mapacha akanishika mkono.

"Na mapacha wangu nimewafungia ndani, shoga, wamelia mpaka sauti zimekauka! Nikawaambia, atakayetia mguu pale naukata. Tumekilinda kama benki. Tazama mwenyewe. Hata alama moja!"

Nikatazama. Hata alama moja.

Sijui nilisimama muda gani. Nakumbuka nilijiambia: kile kishimo hakijaenda popote. Kiko chini. Kimefunikwa tu, kama mtoto aliyevutiwa shuka asipigwe na baridi. Kimefunikwa, hakitaliwa tena na miguu ya watu, pengine hata ni afadhali. Nikashika wazo hilo kwa mikono miwili. Nikamgeukia Fundi Timazi, nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya vifungo.

"Fundi, hii umemwaga tu juu ya ile ya zamani, eh?"

Yule bwana akaumia kweli. Akaweka mkono kifuani.

"Kumwaga juu tu? Mama Cherehani! Mimi ni fundi wa kulipua, mimi? Saruji mpya haishiki juu ya saruji laini, masika yajayo ingebanduka kama ganda. Nilishika nyundo na tindo kwanza. Nikaparura uso wote mpaka nikakuta kokoto. Na pale katikati palikuwa na kishimo, ndicho kilichokuwa kinatuamisha maji. Nikaanzia hapo hapo. Nikakichimbua chote."

"Ukakichimbua."

"Chote! Vipande nikavifagia mtaroni, mvua ikabeba. Wewe lala usingizi, mama. Hicho kitazikwa na wajukuu wako."

Akangoja. Wote wakangoja. Manyunyu yanagonga miavuli. Nami, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kukosa neno la kumtupia mtu, nikakosa. Nilikuwa nawaza tindo. Nilikuwa nawaza alianzia wapi, kwenye kisigino au kwenye vidole. Nilitaka kumuuliza hilo. Nilitaka kuupiga ule mdomo uliokuwa unatabasamu. Nilitaka kushuka mtaroni kwa mikono na magoti nikatafute vipande, kila kipande, mpaka kule maji yanakoishia.

"Mama," binti yangu akasema, "hujafurahi?"

Nikamtazama. Tabasamu lilikuwa limeanza kumlegea. Alikuwa ameweka mkono mmoja juu ya tumbo, na kwenye kucha zake kulikuwa na saruji iliyokauka. Kumbe na yeye alishika mwiko. Na hali ile, na miguu ile iliyovimba.

Neno lilikuwa limefika mdomoni, wallahi. Lilikuwa juu ya ulimi. Lakini nikaona nikilitoa, halitarudi. Kila atakapovuka mlango huu mpaka anazeeka atakuwa anakanyaga alichokifanya, na alikifanya ili mwanawe asikohoe kama yeye. Hana kosa. Hakuna mwenye kosa pale, hata mmoja, nilizungusha macho nikitafuta wa kumgombeza nikamkosa. Nilimwambia nani asifanye? Nilimwambia nani kwa nini? Shukrani ya punda ni mateke, lakini mimi si punda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi mzazi na aumeze.

"Nimefurahi, mwanangu," nikasema. "Nimefurahi mpaka nimekosa la kusema."

"Mama Cherehani kakosa la kusema!" Mama Mapacha akapiga kelele. "Jamani, wekeni kumbukumbu ya tarehe!"

Wakacheka wote, hata mzee wa redio. Na mimi nikaanza kulia. Nililia pale pale mbele yao, kwa sauti, mabega yanatikisika, kilio ambacho sikukilia siku ile ninaangalia ukuta. Wakanikumbatia. Wakasema ona, furaha imemzidi. Mama Mapacha akanifuta uso kwa ncha ya nguo yake na yeye akilia, akisema sisi si majirani, sisi ni ndugu. Nikamwambia kweli, ni ndugu. Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililokuwa linaniua.

Wakaondoa viti na lile tawi la miiba. Fundi Timazi akanishika kiwiko, kwa heshima, kama unavyomshika mkwe.

"Pita wewe kwanza. Inua mguu, mama, kimepanda sasa."

Nikatafuta ile njia yangu ya pembeni, karibu na bawaba, lakini yeye alikuwa amesimama upande huo. Nikainua mguu. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba hii isimame, nikakanyaga katikati.

Jioni mvua kubwa ikaja. Bati likaanza kelele zake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nashona vinguo vya mjukuu, vile vidogo ambavyo mkono wake unatosha kidole tu. Binti yangu alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, nyayo zake zimetua kwenye sakafu kavu, anachungulia nje kama mtu anayeangalia mpira.

"Yanakuja, mama! Yanapanda uwanjani... yamefika! Yamefika kwenye kizingiti!" Halafu akapiga makofi. "Yamegeuka! Yanarudi mtaroni! Umeona? Mama, umeona?"

"Nimeona," nikamwambia. Nilikuwa sijainua macho.

Akaimba kidogo, anamwimbia aliye tumboni, kwamba nyumba ya bibi sasa haina samaki. Nami nikashona, na mvua ikapiga, ikapiga, halafu ikaanza kupungua vile inavyopungua kila siku. Na mwili wangu ukainuka wenyewe. Sikuuambia. Ukachukua beseni nyuma ya mlango, ukachukua tambara, ukaenda ukachuchumaa pale pale unapochuchumaa siku zote. Nikashtuka mkono wangu uko juu ya saruji. Ilikuwa baridi, laini, ina ule unyevu wa saruji ambayo haijakomaa. Kidole kikaanza kutafuta njia yake, kuanzia kule kwenye kidole cha mwisho. Kikateleza tu. Nikarudisha nyuma nikaanza tena. Fundi yule ni fundi kweli, hakuacha hata mkwaruzo.

"Mama, umesahau?" binti yangu akacheka. "Hakuna maji tena."

Sikugeuka. Uso wangu haukuwa wa kuonyeshwa mtu.

"Mama. Unatafuta nini?"

"Sindano," nikasema. "Nimedondosha sindano."

"Utajichoma bure, na macho yako hayo. Ngoja."

Nikasikia kiti kinalia. Nikasikia anahema, anashika ukuta, anashuka pole pole na tumbo lake mpaka akapiga magoti kando yangu. Akaweka kiganja chake kwenye saruji, karibu na changu, akaanza kupapasa, taratibu, huku na huku, kwa uangalifu wa mtu anayejua kitu chenyewe ni kidogo.

"Iliangukia wapi hasa?"

"Hapa," nikamwambia. "Hapa katikati."

Akasogeza mkono wake katikati, tukaendelea kuitafuta.